Fundo Halikufunguka

Saa nne usiku mlinzi wa jeti alimpigia mjomba simu, na alisema neno moja tu: "Njooni." Tulipofika na tochi, boti ilikuwa imesimama kama mtu anayening'inia dirishani. Omo ilikuwa juu, imeshikwa na kamba ya mbele. Tezi ilikuwa chini, na mashine, mashine ya mkopo ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka, ilikuwa imezama yote. Kamba ya nyuma ilikuwa bado imefungwa kwenye nguzo ya jeti. Lakini mwisho wake wa pili haukuwa na boti. Ulikuwa umeshika kipande cha chuma chenye ncha mbili, urefu wa kiganja cha mkono. Skrubu nne zilikuwa bado zimo kwenye matundu yake, kila moja imevishwa unga mweupe wa faiba.

Ile kamba niliifunga mimi.

Ilikuwa Desemba 2021, nimerudi Tanga likizo. Jioni ya siku hiyo tuliingia jetini saa kumi na nusu, maji yamejaa pomoni kwa bamvua. Mjomba alikuwa akishusha madumu na makapu ya samaki, akaniambia bila kugeuka, "Funga huko nyuma, mwanangu." Nikafunga. Nilizungusha kamba kwenye kitako cha kile chuma, nikapiga nane mbili juu ya ncha zake, nikamalizia kwa kitanzi cha kugeuza, kama alivyonifundisha nikiwa darasa la sita. Kisha nikavuta mpaka boti ikakaa ubavuni mwa jeti, imetulia, inapendeza. Saa sita baadaye maji yalikuwa yameshuka zaidi ya mita 3. Kamba yangu haikuwa imeshuka hata shubiri.

Vijana wanne waliingia majini, wakakata kamba ya mbele, wakaikokota boti mpaka mchangani ikiwa imejaa maji. Mashine ilikuwa imekunywa chumvi na haikupona. Mkopo ulibaki palepale, kwa sababu mkopo hauzami. Ili kuulipa, mjomba aliuza mashua ya mbao aliyoachiwa na babu. Hakunilaumu hata siku moja. Lakini ndugu ni ndugu, na tangu usiku ule kila kitu kinachofunguka nyumbani, mfuko wa mchele, kamba ya kuanikia nguo, kamba ya kiatu cha mtoto, mtu husema: "Hilo ni fundo la chuo kikuu."

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika historia, na kila nikikaa kwenye meza ya maktaba kusoma habari za bandari, akili hurudi kwenye kile chuma. Kwa sababu fundo langu halikufunguka. Niliona kwa macho yangu, kwa mwanga wa tochi: nane mbili na kitanzi, vimekaza kama nilivyoviacha. Kama fundo halikufunguka na kamba haikukatika, basi ni kitu gani kilichokosa kushika? Nimegundua kwamba swali hilo lina umri mrefu kuliko mimi na mjomba.

*

Kiswahili kina jina kwa karibu kila mti wa chombo. Kuna mkuku, ule mti mkuu wa chini. Kuna mataruma, mbavu zake. Kuna mwashiri, gogo la ndani linalopokea mguu wa mlingoti. Kuna foromali inayobeba tanga, na ngama, shimo la chini ambako maji yote huishia. Lakini kile chuma chenye ncha mbili? Nilipouliza watu watatu pale jetini nilipata majibu matatu: "chuma", "kifungio", na "pale pa kufungia". Hapa nitakiita pembe, kwa sababu ya umbo lake.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Kamba ikizungushwa kwenye kitu cha mviringo, msuguano hubeba mzigo badala ya mkono. Katika karne ya 18 mwanahisabati Leonhard Euler aliliweka jambo hilo katika kanuni, na kanuni yenyewe inashangaza hata leo. Chukua kamba na chuma ambavyo kipimo cha msuguano wake ni 0.3. Ukizungusha mara 1, nguvu ya mkono wako inaweza kuzuia mzigo unaoizidi mara 6.6. Ukizungusha mara 2, inauzuia unaoizidi mara 43. Ukizungusha mara 3, mara 286. Msuguano hauongezeki kwa kujumlisha, unaongezeka kwa kuzidisha. Ndiyo maana kuli mmoja mwembamba huweza kuituliza meli nzima kwa kuzungusha kamba kwenye nguzo ya gati, naye anaonekana kama hafanyi kazi yoyote.

Pembe ni nguzo ile ile iliyofanywa ndogo na kulazwa juu ya sitaha. Mzunguko wa kwanza kwenye kitako ndio unaobeba. Nane zinazofuata zinazuia ule mzunguko usiteleze, na kitanzi cha mwisho kinazuia nane zisifunguke. Kila hatua inailinda iliyotangulia. Lakini Euler hasemi lolote kuhusu jambo moja: nguzo yenyewe imeshikwa na nini? Kanuni yake inachukulia kwamba nguzo haitoki mahali pake.

*

Kwa sehemu kubwa ya historia yake, pwani yetu haikuhitaji pembe, kwa sababu haikuwa na gati. Vyombo vilikuja dikoni. Nahodha alisubiri maji yajae, akakiingiza chombo mpaka karibu na mchanga, kisha maji yalipokupwa chombo kilikaa chini chenyewe, kimeegemezwa kwa magadi, yale magogo yanayokizuia kisilale ubavu. Watu walitembea kwa miguu kwenda kupakua. Maji yaliporudi, kiliinuka na kwenda zake. Pale ambapo leo tunaona tatizo, maji kupanda na kushuka mita 3 au 4, wao waliona winchi ya bure inayofanya kazi mara mbili kwa siku.

Vyombo vyenyewe vilijengwa kwa maisha ya namna hiyo. Kitabu cha wasafiri wa Kigiriki cha karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, kinataja mashua za kushonwa kwenye pwani hii, na kinasema kwamba mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana na ushonaji huo. Mahali Rhapta ulipokuwa bado panabishaniwa, ila ushonaji haubishaniwi: mbao ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mtepe wa visiwa vya Lamu uliendeleza ufundi huo mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza kwa nini watu wa bahari hii walipenda kamba kuliko misumari: bahari ina miamba mingi, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini cha kushonwa hunepa.

Tazama maana yake kwa habari yetu. Katika chombo cha kushonwa, kamba haikuwa kitu kinachokuja kushikizwa kwenye chombo. Chombo chenyewe kilikuwa kamba. Na ulipotaka kukifunga mahali, hukutafuta kipande kidogo kilichobandikwa juu. Uliifunga kamba kwenye mwili: kwenye mguu wa mlingoti, au kwenye boriti inayokata chombo kutoka ubavu hadi ubavu. Mpaka leo ukienda kwenye diko lolote utaona ngalawa zimefungwa hivyo. Mvuto wa kamba unaingia kwenye mti mkubwa, mti unaugawa kwa mbavu, mbavu zinaugawa kwa mbao zote. Hakuna sehemu moja inayobebeshwa peke yake.

Na mara nyingi upande wa pili wa kamba hapakuwa na nguzo bali nanga. Kilwa zimepatikana nanga za mawe, miamba mirefu iliyochongwa na kutobolewa ili kupitisha vijiti vya mbao vya kukwama chini. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliandika juu ya nanga za namna hiyo mwaka 1980, akizilinganisha na nyingine za Ghuba ya Uajemi. Nikiangalia picha zake huwaza uzito wa kuzipandisha kwa mkono, asubuhi, na kamba ya makumbi iliyolowa.

Bibi yangu alisokota kamba hizo. Wanawake wa kijijini kwao walifukia makumbi kwenye tope la pwani, wakayaacha humo miezi kadhaa mpaka yaoze vizuri, wakayafukua, wakayaponda, wakasokota nyuzi kwa viganja. Alikuwa akisema kamba ya makumbi ina heshima: haikatiki ghafla. Huanza kunung'unika, uzi mmoja mmoja, na mwenye masikio husikia.

*

Maneno ya kufungia chombo yamekuja kwetu kwa tabaka, kama tope la mto. Kamba ni neno la Kibantu. Nanga, bandari na nahodha yana asili ya Kiajemi. Gati limetoka upande wa India, ambako ghat ni ngazi za kushukia majini. Roda, ile kapi ya kupitishia kamba, ni gurudumu kwa Kireno. Kila aliyekuja na namna yake ya kusimamisha chombo alituachia neno.

Wareno walituachia pia somo kuhusu kamba. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa, mzingiro uliodumu mpaka Desemba 1698. Kati ya meli zilizoletwa kutoka Goa kuisaidia ngome ilikuwamo Santo António de Tanná. Ilisimamishwa chini ya kuta, mahali ambapo ingeweza kupeleka watu na chakula. Oktoba 1697 kamba zilizoishikilia zilikatika, meli ikachukuliwa na maji, na baada ya hapo ikazama mbele ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa. Ililala hapo karibu miaka 280 kabla ya wanaakiolojia kuizamia kati ya 1977 na 1980. Baadhi ya vitu vyake vimo kwenye makumbusho ya ngome. Nilipokwenda kuviona, wenzangu walisimama kwenye vyungu na mizinga. Mimi nilikuwa nikiwaza kamba.

Wahenga walishasema: kamba hukatikia pabovu. Kwa karne nyingi methali hiyo ilikuwa kweli kwa maana yake ya wazi kabisa. Kamba ilikuwa ndiyo kiungo dhaifu. Mti wa chombo ulikuwa mnene, nanga ilikuwa jiwe, na kati yake palikuwa na nyuzi za nazi. Kitu kilipozidiwa, kamba ilikuwa ya kwanza kusema.

*

Kisha ikaja meli ya moshi. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza safari za kawaida za barua kufika Zanzibar. Meli za chuma hazikai mchangani. Zilitia nanga mbali, na mizigo ikaletwa ufukoni kwa tishari, yale majahazi bapa ya kupakulia. Baadaye wakoloni wakajenga gati za kina kirefu: Kilindini zilianza kutumika mwaka 1926, Dar es Salaam mwaka 1956. Tanga yetu iliendelea na tishari kwa meli kubwa mpaka miaka michache tu iliyopita, bandari ilipochimbwa kina na gati kuimarishwa.

Historia ya gati imeandikwa vizuri kwa upande wa watu. Tunajua migomo ya makuli ya Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1947, na wa Zanzibar mwaka 1948 ambao Adam Shafi aliujengea riwaya yake ya Kuli. Ninachokiongezea hapa ni kidogo. Gati lilibadilisha pia mahali pa kufunga. Diko lilikipokea chombo chini, kwenye mkuku, ambako kina nguvu kuliko kwingine kote. Gati linakishika juu, ukingoni. Na kwa kuwa gati limesimama pale pale huku maji yakipanda na kushuka, kila kamba inayofungwa gatini ni hesabu ya saa. Kuli wa gati aliijua hesabu hiyo. Alilegeza na kukaza usiku kucha.

Tanga ilihusika na kamba za dunia kwa namna nyingine. Mwaka 1893, mwaka ule ule Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga, Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Katika miche 1,000, 62 tu ilifika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yakaja mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 1964 tulizalisha takribani tani 230,000 za katani. Babu yangu alikata mkonge. Alikuwa na makovu ya miiba kwenye mikono yote miwili, na aliamini kwamba kila meli iliyofungwa mahali popote ulimwenguni imefungwa kwa jasho lake. Alitia chumvi, kwa sababu nyuzi nyingi ziliishia kwenye kamba za kufungia majani makavu kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani, lakini hakuwa mbali sana na ukweli.

Kilichomwangusha kilikuwa kimekwisha kuzaliwa maabara. Nailoni ilitengenezwa mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont. Polipropilini ilianza kuuzwa mwaka 1957. Bei ya katani ilianguka katikati ya miaka ya 1960. Utaifishaji wa 1967 na uendeshaji uliofuata ukaongeza mzigo wake. Mashamba yakaota magugu. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo kila mtoto wa Tanga anaijua. Sehemu nisiyoisikia ikisimuliwa ni yale ambayo nailoni iliyafanya huko mwisho wa kamba, pale inapofungwa.

Kamba ya nailoni yenye unene wa milimita 12 huhimili takribani tani 3 kabla ya kukatika, mara tatu hivi ya katani ya unene ule ule. Haiozi kwa maji ya chumvi kama katani. Hainung'uniki. Ukiwa na kamba kama hiyo, methali ya wahenga inahama. Bado kitu kitakatikia pabovu, lakini pabovu si kwenye kamba tena. Pamesogea mpaka kwenye kile kilichoshikwa na kamba.

*

Pembe ya chuma tunayoiona kwenye boti za leo ilikulia kwenye maji mengine. Mmoja wa waliolipa umbo lake la kisasa heshima kubwa ni Nathanael Herreshoff, mbunifu wa mashua za mashindano kutoka Bristol, Rhode Island, Marekani. Mashua alizozibuni zilishika Kombe la Amerika tangu mwaka 1893 mpaka 1920. Pembe inayobeba jina lake ina miguu miwili iliyo wazi katikati na matundu manne ya bolti, nyepesi kwa kushika lakini imara, na bado inauzwa. Sitaha ya mashua zake ilikuwa ya mbao, na chini ya kila pembe palikuwa na boriti au kipande kinene cha mti kilichopokea bolti. Na huko Bristol maji hupishana kama mita 1 tu. Siku hizi katika bandari nyingi za starehe za Ulaya na Marekani hata hiyo haina shida, kwa sababu jeti zenyewe huelea: maji yakishuka, boti na jeti hushuka pamoja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja faiba: kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya kemikali na kumiminwa kwenye kalibu. Boti ya faiba haina mataruma kama ya mashua. Ni ganda. Nyepesi, haivuji, haihitaji kalafati kila mwaka, na ndiyo maana wavuvi wetu wanaitaka, na ndiyo inayokopeshwa siku hizi bara na visiwani. Sina ugomvi na faiba. Lakini ganda lina tabia yake: linabeba sana mzigo ukitawanywa, na linatoboka haraka mzigo ukikusanywa mahali padogo. Pembe ni mahali padogo kuliko pote. Kwa hiyo chini yake, upande usioonekana, lazima pawekwe ubao mgumu au bamba la chuma, na bolti zipite juu mpaka chini na kukazwa kwa nati. Hapo mvuto unasambaa. Bila hivyo, pembe imeshikwa na meno ya skrubu ndani ya ganda lenye unene wa vidole viwili kwa ukarimu, na mara nyingi hata hicho kimoja hakifiki.

Boti ya mjomba ilikuwa na skrubu. Juu palipendeza: chuma kinachong'aa, hakina kutu, kimepangwa sawasawa. Aliyeiunda alijua kwamba mnunuzi huangalia juu. Kamba ya mbele nayo ilikuwa fupi, kijana wa mjomba aliifunga kama nilivyofunga mimi. Ilishika kwa sababu haikufungwa kwenye pembe. Ilifungwa kwenye pete ya omo, iliyopitishwa bolti moja nene mpaka ndani na kukazwa kwa nati kubwa.

Basi usiku ule yalikutana mambo matatu ambayo historia ilikuwa imeyaleta kwa njia tatu tofauti. Kamba isiyokatika, iliyomwachisha babu yangu kazi. Pembe iliyobuniwa kwa maji ya mita 1, ikafika kwenye maji ya mita 3 bila ubao wake wa chini. Na jeti isiyoelea, iliyosimama mahali ambapo zamani palikuwa na diko. La nne nililileta mimi. Nilifunga kama mtu anayefunga mbuzi, nikasahau kwamba upande mmoja wa kamba ulikuwa juu ya kitu kinachoshuka.

*

Mwaka jana nilikwenda kumweleza mjomba haya yote. Nilimkuta dikoni chini ya mkungu, anaunda dema. Nikamwamkia, akaitika, akanisogezea kigoda. Nilizungumza muda mrefu, Euler na Hindorf na Herreshoff, mpaka nikajisikia nachosha. Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na fito.

"Kwa hiyo umesoma miaka miwili," alisema mwishowe, "ili uniambie mimi nilinunua boti mbovu."

"Sikusema hivyo, mjomba."

"Sema tu. Ni kweli. Nilipokwenda kuichukua niligonga ubavu, nikagonga tezi, nikawasha mashine. Sikuinama kuangalia chini ya sitaha. Mashua ya baba ningeinama." Akanyamaza. "Na wewe fundo lako lilikuwa zuri. Ulichosahau ni maji."

Sikujua niseme nini. Miaka yote ile nilikuwa nimesubiri mtu aniambie kwamba kosa halikuwa langu, na sasa nilikuwa nimepewa robo ya kosa, iliyopimwa sawasawa, na nilijisikia mwepesi kuliko ningepewa msamaha wote. Nilimuuliza kama anaikumbuka ile mashua. Alisema iko Pangani, ameiona, aliyeinunua anaitunza.

Kuna methali nyingine ya mabaharia: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yaingie kwa mbele au kwa nyuma, yote huishia shimoni chini. Nilikuwa nikiifahamu kama methali ya kukubali yaliyoandikwa. Siku hizi naisikia pia kama maelekezo ya kazi: ukitaka kujua habari za chombo, shuka ukaangalie chini.

Jioni ile tulikwenda kwenye boti. Alikuwa amenunua pembe mpya mbili na bolti nane, na fundi wa dikoni alikuwa amemkatia vipande viwili vya mvule, vinene kama Kitabu cha Simu cha zamani, vimepakwa gundi kuzuia maji. Pabaya pa zamani palikuwa pamezibwa kwa faiba mpya, lakini alama ilionekana, kovu la rangi tofauti. Sehemu ya chini ya sitaha ya nyuma ni nyembamba, mjomba ana mabega mapana na mgongo unaouma. Akaniangalia.

Nikajikunja, nikaingia kichwa kwanza. Ndani palinuka petroli na dagaa wa zamani. Niliona ncha za bolti zikishuka moja moja kupitia ubao, nikaweka washa, nikaweka nati, nikashika kwa spana. Juu yangu alikuwa akizungusha, na kila alipokaza nilihisi ubao ukivutwa na kuganda kwenye sitaha.

"Umeshika?" aliuliza.

"Nimeshika."

"Usiachie."

Tulikaza zote nane. Tulipomaliza, maji yalikuwa yakijaa, siku tatu baada ya mwezi mpevu. Alinirushia kamba, nikazungusha kwenye kitako, nikapiga nane mbili na kitanzi. Kisha nikaenda kwenye nguzo ya jeti, nikakadiria kwa macho umbali wa kutoka pale mpaka pale maji yanapokomea yakipwa kabisa, nikaacha kamba ndefu, mbaya, imelegea, inayochovya majini. Boti ilikaa mbali na jeti, ikiyumbayumba kidogo. Haikupendeza hata kidogo. Mjomba aliitazama, akachukua kapu lake, tukaondoka.